Dari za Marigat, Dari za Molo

Mwishoni mwa 2003, nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne, mama alinipeleka kwa kaka yake, fundi wa viti na dari za matatu pale Shabab, Nakuru. Karakana yenyewe ilikuwa uwanja wa vumbi, mabati machache ya kukinga mvua, cherehani moja nzito na meza ndefu iliyojaa madoa ya gundi. Upepo wa kiangazi ukishuka kutoka Menengai tulikimbilia magunia kufunika reksini, ile ngozi bandia ya dari, maana vumbi likitua juu ya gundi mbichi, kazi imekwisha.

Mjomba alijua njia ya gari kwa kutazama dari. Nissan ya Marigat (tuliziita Nissan zote, hata zilizokuwa Toyota) ilikuja na dari inayoning'inia. Kule chini Baringo jua halina huruma. Bati la paa likichemka mchana kutwa gundi inaachia, na sponji iliyo nyuma ya reksini inakauka, inageuka unga wa manjano. Ukiigusa inakumwagikia shingoni. Ya Molo ilikuwa na ugonjwa mwingine. Huko, karibu mita 2,500 juu ya bahari, abiria wa alfajiri hufunga vioo vyote. Pumzi zao hupanda, zikakutana na bati lililolala nje kwenye baridi, zikageuka matone, na matone yakanywewa na haribodi, ubao mwembamba unaobeba reksini, kwa upande wa juu, ule usioonekana. Ukitazama kutoka kitini, reksini bado inang'aa. Ukibonyeza kwa kidole, inabonyea.

"Hii ni ya Molo," Mjomba alisema kabla mwenye gari hajafungua mdomo.

Tulianza kwa kung'oa taa, vishikio na mipira ya pembeni, kisha klipu. Klipu ya plastiki iliyozeeka huvunjika ukiivuta kwa pupa. Alinifunza kupenyeza bapa la chuma hadi karibu kabisa na mguu wake, ndipo niinue. Kipande cha haribodi kilichotoka hakikutupwa hata kama kimeoza, kwa kuwa ndicho kipimo. Tulikilaza juu ya haribodi mpya, tukakichora kwa penseli, tukatoboa matundu ya taa na klipu palepale. Paa la matatu limebinuka, na haribodi kavu ukiikunja inakatika, kwa hiyo tuliilowesha ule upande wake wa mkwaruzo kwa kitambaa, tukaibana kati ya mbao usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imekubali umbo. Hapo iliachwa ikauke kabisa. Gundi ilipakwa kwenye haribodi na nyuma ya reksini, tukangoja mpaka kidole kiguse bila kunata, ndipo reksini ikalazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kiganja kikisukuma hewa mbele yake. Sehemu hiyo Mjomba hakumwachia mtu kwa muda mrefu. Siku aliponiambia, "Haya, laza wewe," nilisikia furaha hadi magotini.

Kisha ikaja Januari ya kanuni za Michuki. Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alikuwa ametangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Februari 2004 matatu zote ziwe na mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni, na Nissan ibebe watu 14 tu, si wale 18 na zaidi waliokuwa wakipangwa magoti kwa magoti. Zilikuwa kanuni nzuri. Aliyepanda matatu miaka ile anajua. Shabab ilijaa magari. Viti vyote vilikuwa vinatolewa ili vipangwe upya na kufungwa mikanda, na wenye magari wakaona heri dari nayo ibadilishwe. Ila walikuwa na haraka.

"Fundi, wewe funika tu," mama mmoja mwenye gari la Molo alimsihi. "Weka mpya juu ya hiyo. Jumapili nataka liwe barabarani."

"Mama, acha kwanza nikuonyeshe kitu," Mjomba alisema.

Akalegeza kipande cha nyuma, akamwita ndani. Nyuma ya haribodi palipita nyaya za spika, zimeungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa selotepu ya kawaida ya ofisini. Pale kwenye kiungo selotepu ilikuwa imekunjamana, imegeuka rangi ya kahawia, na haribodi iliyokuwa ikigusana nayo ilikuwa na doa jeusi la kuungua, upana wa sarafu ya shilingi kumi. Chini ya doa hilo ndipo kilipokuwa kiti cha watu watatu. Yule mama alilitazama bila kusema, kisha akauliza gari litoke lini kama likifanywa lote. Likatoka Jumanne. Fundi jirani aliyekuwa akifunika tu alimaliza magari mengi kuliko sisi mwezi ule, na Mjomba alilijua hilo vizuri.

Hata boti ilitufikia. Mtu wa Naivasha anayetembeza watalii ziwani alikuwa na boti yenye kijumba, dari yake ya haribodi imevimba na kumeguka kingo. Alileta vipande vyake kwenye gunia. Mjomba alikataa kumtengenezea tena kwa haribodi. Alikata plaiwudi, akaipaka vanishi pande zote, na hasa kingo na ndani ya kila tundu la skrubu, maana maji huingilia hapo. Akaagiza pia iachwe nafasi ndogo kati ya plaiwudi na paa ili hewa ipite. Nikaelewa kwamba boti ile na gari la Molo walikuwa wagonjwa wa daktari mmoja.

Miaka iliyofuata zilikuja Toyota zenye dari ya kiwandani, kipande kimoja kilichofinyangwa, nyepesi na safi kwa macho. Ikiharibika kona moja, wengi huitoa yote au huishi nayo hivyo hivyo. Kazi ya dari ikapungua, Mjomba akabaki na viti. Mimi bado naona dari ya vipande ilikuwa bora kwa barabara zetu, kwa sababu kipande cha nyuma kikioza unabadilisha hicho tu, na ukishakifungua unaziona nyaya.