Tone Moja Juu ya Kioo



Wenzetu wanaotembelea wagonjwa wametuuliza mara nyingi swali moja: kwa nini mtu aliyechomwa sindano kwenye uvimbe hukawia kupata jibu, na kwa nini wengine huitwa tena kuchomwa upya? Swali hilo lina uchungu ndani yake. Anayeuliza huwa ana mama, mke au mtoto mwenye uvimbe shingoni au kwenye titi, naye amekwisha kuamini kwamba huko labo watu wanachezea maisha ya ndugu yake. Sisi si waganga, tulisomea ualimu. Lakini tumewasindikiza wagonjwa wasio wachache, tumekalia mabenchi ya kungojea, tumeuliza maswali mengi kama ilivyo desturi ya walimu, na mafundi wa maabara wenye subira wametuonyesha jinsi wanavyofanya.

Kipimo chenyewe ni chepesi kukisimulia. Daktari hushika uvimbe kwa vidole viwili, husafisha ngozi, huingiza sindano nyembamba ambayo unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.5 na 0.7, huipeleka mbele na nyuma mara kadhaa ndani ya uvimbe, kisha huichomoa. Hakuna kisu wala mshono, na mgonjwa hurudi nyumbani kwa miguu yake. Waganga wetu, waliosoma kwa Kifaransa, huita kazi hiyo sitoponksio. Kinachopatikana mara nyingi hakionekani hata ndani ya bomba, kwa kuwa kimebaki ndani ya sindano yenyewe: tone moja, au nusu ya tone. Ndiyo sababu jamaa anayechungulia mlangoni husema, “Hawakutoa kitu.” Walitoa. Tone hilo dogo lina maelfu ya chembe za mwili, na tangu dakika hiyo liko mikononi mwa fundi wa labo.

Fundi huitenga sindano na bomba, huvuta hewa ndani ya bomba, huirudisha sindano mahali pake, kisha husukuma polepole, ncha ya sindano ikikaribia kugusa kioo, ili tone litue bila kuruka. Huchukua kioo cha pili, hukilaza juu ya kile cha kwanza na kukivuta mara moja tu, kwa mkono mwepesi. Akikandamiza, chembe hupasuka na viini vyake huvutika kama nyuzi. Akiacha tone likiwa nene, chembe hulaliana na macho ya hadubini hayapenyi.

Kuanzia hapo kuna haraka ambayo mtu wa nje haioni. Vioo vingine huachwa vikauke kwa hewa, navyo hupakwa rangi ya Giemsa, ile ile ambayo kwayo hutafutwa malaria katika damu. Vingine lazima vitumbukizwe katika alkoli ya asilimia 95 papo hapo, vikiwa bado vibichi, ili baadaye vipakwe rangi za Papanicolaou. Tuliposema “papo hapo” tulidhani ni dakika moja au mbili. Fundi alitutazama akatabasamu: ni sekunde. Chembe iliyokusudiwa kwa alkoli ikikaushwa na hewa kwanza, hupanuka na kutandaa, na kiini chake, ambacho umbo lake ndilo humwonyesha daktari kama chembe ni njema au ni mbaya, hufifia. Kwa hiyo kopo la alkoli hufunguliwa na kuwekwa karibu kabla sindano haijamgusa mgonjwa. Tuliona fundi mmoja akimzuia daktari mkono, kwa heshima lakini bila kusitasita, kwa sababu kopo lilikuwa bado limefungwa. Daktari alingoja. Tulipenda sana jambo hilo.

Jambo jingine lililotupendeza, labda kwa sababu ya kazi yetu, ni kalamu. Jina la mgonjwa haliandikwi kioni kwa bik, bali kwa kalamu ya risasi, kama ile ambayo watoto wa mwaka wa kwanza hujifunzia herufi. Upande mmoja wa kioo umekwaruzwa ili uandikike. Wino huyeyuka ndani ya alkoli, risasi haiyeyuki. Na jina peke yake halitoshi. Ninyi mnajua ni akina Furaha wangapi walio katika mtaa mmoja wa kwetu, na akina Bahati, na mapacha ambao hata nyanya yao huwachanganya. Kwa hiyo huandikwa jina pamoja na namba, au jina pamoja na tarehe ya kuzaliwa, na maandishi ya kioo lazima yalingane na yale ya karatasi iliyoandamana nacho. Yasipolingana, labo yenye nidhamu hukataa kukipokea kioo hadi mambo yanyooke. Watu hukasirika kwa kukataliwa namna hiyo. Sisi tunaona ingefaa wakasirike pale kinapopokelewa bila kuulizwa.

Kuna kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, kilichotuma vioo vya mama mmoja wa jumuiya yetu kwenye hospitali kubwa kwa pikipiki. Vioo vyenyewe vilitengenezwa vizuri. Lakini katika katoni ile ile palitiwa chupa ya formoli yenye kipande cha nyama cha mgonjwa mwingine, na kifuniko hakikukaza. Formoli ni nzuri kwa kuhifadhi nyama iliyokatwa kwa kisu. Mvuke wake, ukifikia vioo vilivyokaushwa kwa hewa, huharibu upokeaji wa rangi. Vilipofika, chembe zilikuwa zimegeuka rangi isiyosomeka. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila yule mama alikuwa ameuza mbuzi kwa ajili ya safari hiyo, na hakuna aliyemweleza kwamba kilichoharibika kilikuwa katoni, si mwili wake.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Karatasi ya jibu iliandikwa kwa Kifaransa kwamba sampuli haikuwezesha kutoa jibu. Kijana wa nyumbani aliisoma, akaona hakuna neno “kansa”, akawatangazia wote kwamba hawakuona kitu. Wakashukuru, wakapika. Tulipoletewa karatasi ile, kama tunavyoletewa karatasi nyingi kwa kuwa tunasoma Kifaransa, uvimbe wa shingoni ulikuwa umekwisha kukua kufikia ukubwa wa yai la kuku. Tuliketi na familia, tukafafanua neno kwa neno: karatasi hii haisemi kwamba mama ni mzima, wala haisemi kwamba ni mgonjwa, inasema kioo hakikusomeka. Mume alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza nani atalipa mara ya pili. Jumuiya ilichanga.

Hata sampuli iliyofika salama inaweza kukosa chembe za kutosha, kwa maana sindano ni nyembamba na uvimbe una sehemu zilizokufa na sehemu hai. Hospitali zenye uwezo huweka fundi na hadubini yake kando ya kitanda. Hupaka kioo kimoja rangi ya haraka, hutazama kama chembe zinatosha, na ikiwa hazitoshi daktari huchoma tena mgonjwa akiwa bado amelala palepale. Hiyo humwokolea mtu safari nzima. Na hata jibu likisema hakuna chembe mbaya, daktari anaweza kuomba kipimo kingine iwapo mkono wake unahisi uvimbe mgumu usiolingana na karatasi.

Mara ya pili ya yule mama, kilichotoka kilikuwa kizito, cheupe kama jibini. Fundi aliyekiona alijua la kufanya bila kuambiwa: sehemu aliitandaza juu ya vioo, sehemu aliitia katika kichupa kisicho na alkoli wala formoli, kwa ajili ya kifua kikuu. Maana kifua kikuu hukaa hata katika tezi za shingo, bila kikohozi chochote. Kuna mashine iitwayo GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2010 kwa makohozi, na mwaka 2013 likaongeza sampuli za tezi. Hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na husema pia kama vijidudu vinakataa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huo. Ndiyo sababu fundi huvaa glavu, hafuniki tena sindano kwa kofia yake bali huitupa moja kwa moja katika sanduku gumu, na hakihesabu kioo kilichokauka kuwa kitu kisicho na hatari. Mama alikutwa na kifua kikuu cha tezi. Alianza dawa za miezi 6, naye alizimaliza.

Wengine husema sindano hizi ni mambo mageni, tena kwamba hutawanya ugonjwa mwilini. Kutawanya huko, kwa sindano nyembamba kiasi hiki, ni jambo la nadra mno. Na kuhusu ugeni, tusahihishe kidogo. Vitabu vya waganga hutaja mara nyingi mwaka 1930, ambapo Hayes Martin, daktari mpasuaji wa New York, na Edward Ellis, fundi wa labo (tunafurahi kwamba jina la fundi limebaki), waliandika jinsi walivyotambua uvimbe kwa sindano. Lakini mwaka 1904 madaktari wawili kutoka Uingereza, Greig na Gray, walikuwa tayari wamechoma tezi za wagonjwa wa malale huko Uganda, wakakuta ndani yake vijidudu vyake hai. Mwenzao Joseph Everett Dutton wa Liverpool, aliyekuwa akiichunguza malale katika Kongo pamoja na John Todd, alifariki Kasongo mwaka 1905 kwa homa ya papasi. Alikuwa na miaka 30.

Kwa malale, tone la tezi hutendewa kinyume cha yote tuliyoeleza. Halikaushwi wala halitiwi katika alkoli. Hufunikwa kwa kioo chembamba na kutazamwa palepale, likiwa bichi, kwa sababu tripanosoma hutambulikana kwa mwendo wake: huonekana akijipindapinda na kuzisukuma chembe zilizo karibu naye. Akikwisha kutulia, jicho humpita. Nchi yetu ndiyo yenye wagonjwa wengi wa malale ya Afrika ya magharibi na ya kati kuliko nchi nyingine yoyote, na kwa miaka mingi vikundi vya waganga vimekuwa vikizunguka vijijini vikibeba hadubini, vikigusa shingo za watu waliopanga mstari chini ya mwembe, na kutazama tone kabla halijafa.

Imebaki karatasi ya maombi, ambayo kwa maoni yetu ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Humo huandikwa umri, mahali uvimbe ulipo, muda tangu ulipoanza, na magonjwa ya zamani. Wagonjwa wetu huficha. Huficha kwamba waliwahi kumeza dawa za kifua kikuu wakaziacha, huficha virusi vya ukimwi, huficha titi lililokatwa miaka mingi iliyopita katika mji mwingine. Wanajua ni nani anayeketi dirishani, na kwamba dada yake anauza sokoni karibu nao. Hofu hiyo tunaielewa. Siri ya mgonjwa huvuja mara nyingi kuliko inavyostahili. Lakini anayetazama hadubini hamwoni mgonjwa. Anaona kioo na karatasi, basi, na chembe zile zile zaweza kusomwa namna mbili kulingana na yaliyoandikwa.

Anayemsindikiza mgonjwa anaweza kuomba aingie peke yake kwa daktari kusema yale asiyotaka kuyasema dirishani. Asimbane fundi koridoni amwambie alichokiona, maana si yeye anayetia sahihi. Na kabla ya kuondoka aandike katika daftari lake tarehe ya kurudi na ile namba iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya kioo.