Yokokawa, Chini ya Mlima wa Usui

Ukishuka Yokokawa, mkoani Gunma, unaona reli imeishia hapo. Treni ya kutoka Takasaki haina pa kwenda tena. Mbele yake ni mlima wa Usui na msitu wake.

Karibu na stesheni, katika bustani ya kumbukumbu ya reli iliyofunguliwa 1999, limetulia behewa la treni ya umeme ya aina ya 189. Nililigusa kwa heshima. Treni hizi ndizo zilizofanya safari za haraka za Asama, zilizopewa jina la volkano ya ng'ambo ya mlima, kati ya Tokyo na Nagano.

Kutoka hapa hadi Karuizawa ni kilomita 11.2 tu, lakini njia inapanda zaidi ya mita 550. Penye mwinuko mkali, kila mita 1,000 za reli zilipanda mita 66.7. Kuanzia 1893 treni zilipanda kwa reli yenye meno. Meno yalipoachwa 1963, kila treni ilifungwa vichwa viwili vya aina ya EF63 upande wa bondeni: ikipanda viisukume, ikishuka viizuie. Treni za haraka za mwanzo zilisukumwa kama mzigo, mabehewa yasizidi 8. Aina ya 189, iliyoanza kazi 1975, iliundwa ili mota zake zivute huku vichwa vikisukuma, vyote kwa mkono wa dereva mmoja. Mabehewa yakafika 12.

Kufunga vichwa kulichukua dakika kadhaa, na dakika hizo ziliulisha mji. Tangu 1958 duka la Oginoya linauza wali wa kuku, uyoga na yai la kware ndani ya chungu cha udongo. Treni ilipoondoka, wauzaji walisimama jukwaani na kuwainamia abiria.

Njia hii ilifungwa 1997, treni ya mwendokasi ilipotoboa mlima. Sasa reli ya kale ya meno imekuwa njia ya waenda kwa miguu. Niliifuata, nikipenya mahandaki yenye ubaridi, hadi daraja la Megane: matao manne ya matofali, mita 31 juu ya kijito. Chungu changu kilikuwa bado na joto mkobani. Niligeuka nikautazama mteremko ambako treni zilisukumwa kwa miaka mingi, nami nikainama.