Kipimo cha Nyuki

Wahenga walisema, "Fuata nyuki ule asali." Mimi niliwafuata nyuki karibu miaka miwili pasipo kula asali yo yote, kwa sababu niliwafuata kwa haraka wala sikuwauliza neno. Leo nataka kuwaeleza wasomaji jinsi nilivyotengeneza mizinga kwa mikono yangu mwenyewe, nikakosea, kisha nikasahihisha, ili ye yote anayekusudia kufanya kazi hiyo asilipe gharama niliyolipa mimi.

Kwetu ni upande wa Kibwezi, katika nchi ya Ukambani, nchi kavu yenye migunga na mibuyu mingi. Mjomba wangu alikuwa mrina asali hodari. Mizinga yake ilikuwa ya magogo ya mti uitwao mukau, yaliyotobolewa ndani na kutundikwa juu ya mibuyu. Mzinga wa namna hiyo kwa lugha yetu huitwa mwatu. Mjomba alirina usiku, kienge cha majani makavu kikiwaka mkononi. Usiku mmoja tawi lilikatika, akaanguka akavunjika nyonga. Alipona, lakini hakupanda mti tena. Mizinga yake kumi na miwili ikabaki juu bila mwangalizi, na karo ya shule ya watoto wake ilitoka katika asali hiyo.

Ndipo niliposema moyoni mwangu: mimi niliyesoma, niliyefanya kazi ya ukarani miaka mingi, nitamtengenezea mjomba mzinga ambao mtu aweza kuurina akiwa amesimama chini. Nilichukua mbao za masanduku ya bidhaa, nikapigilia sanduku zuri lenye pande zilizosimama wima. Juu nikapanga vijiti vya kushikia masega, vingine vinene na vingine vyembamba, kila kimoja kama kilivyokuja mkononi. Kati ya vijiti na kifuniko niliacha nafasi ya vidole viwili, nikifikiri kwamba nyuki watapenda hewa. Mjomba alitazama kazi yangu akiegemea fimbo yake, akaniuliza, "Mpwa wangu, vijiti hivi umevipima kwa kitu gani?" Nikamjibu, "Kwa jicho, mjomba." Akanyamaza.

Nyuki waliingia mwezi wa Novemba, mvua za vuli zilipoanza, nasi tukafurahi sana. Lakini siku ya kurina furaha ile iligeuka kuwa huzuni. Nyuki walikuwa wamejaza masega katika ile nafasi ya vidole viwili, wakakigandisha kifuniko kwenye vijiti. Chini yake masega yalikwenda mshazari, sega moja likishika vijiti vitatu na kuungana na ubao wa pembeni. Nilipokivuta kifuniko kwa nguvu, masega yalipasuka, asali ikamwagika, na majana yakapondeka. Nyuki wakatoka kama moshi. Mimi nilikimbia, lakini mbuzi wawili wa mke wangu walikuwa wamefungwa kamba karibu na mahali pale, na kabla ya jua kuchwa wote wawili walikuwa wamekufa. Baada ya siku mbili nyuki waliosalia wakahama. Mke wangu hakunilaumu kwa maneno, lakini kamba za mbuzi wale aliziacha zikining'inia mlangoni mwezi mzima.

Nilikwenda kwa mjomba kuungama. Hakunicheka. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha mwatu mmoja mkuukuu ulioanguka zamani na kuhamwa na nyuki, akaniambia niupasue kwa urefu. Ndani yake masega makavu yalikuwa bado yamesimama kwa safu, kama kurasa za kitabu. Akasema, "Hapa hapakuwa na mtu wa kuwaelekeza. Pima walivyojenga wenyewe." Nilileta rula, nikapima kutoka katikati ya sega la kwanza hata katikati ya sega la kumi na moja, nikapata sentimita 32. Tukagawanya kwa kumi. Kila sega na nafasi yake lilichukua milimita 32.

Baadaye nilisoma kwamba kipimo hicho hakikuwa cha mwatu ule peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa Kenya na wa Kanada walipotengeneza mzinga wa vijiti wa Kenya, waliviweka vijiti vyake katika upana wa milimita 32, kwa kuwa ndio uwafaao nyuki wetu wa Afrika. Nyuki wa Ulaya, ambao ni wakubwa kidogo, huhitaji kama milimita 35. Hata umbo la mzinga huo halikubuniwa upya kabisa. Mwingereza mmoja, George Wheler, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1682 jinsi Wagiriki walivyofuga nyuki katika vikapu vyenye pande zilizolala na vijiti juu yake.

Nilielewa pia kosa langu la vidole viwili. Mwaka 1851 Mmarekani L. L. Langstroth alitambua kwamba nyuki huacha njia ya kupitia yenye milimita 6 hadi 9 hivi. Nafasi iliyo ndogo kuliko hiyo huiziba kwa gundi yao, na iliyo kubwa zaidi huijengea masega. Mzinga wake wa fremu wahitaji nafasi hiyo itunzwe kila upande, jambo ambalo ni gumu kwa mtu mwenye msumeno na nyundo tu. Lakini katika mzinga wa vijiti, vijiti vyote hugusana, navyo huwa dari nzima, basi hapana nafasi ya kuharibu. Kwa sababu hiyo mzinga huu wamfaa fundi wa nyumbani. Yampasa awe mwangalifu katika upana wa vijiti, na katika mengine aweza kusamehewa.

Mzinga wangu wa pili una vijiti 28, kila kimoja kina urefu wa sentimita 48. Ndani una upana wa sentimita 44 juu na 18 chini, na kimo cha kama sentimita 23. Pande hizi zilizolala hufuata umbo la sega linaloning'inia, kwa hiyo mara nyingi nyuki hawaligandishi kwenye ubao. Chini ya kila kijiti, katikati kwa urefu wake, nilichonga mfuo mwembamba nikamimina nta iliyoyeyushwa. Mstari huo wa nta huwaonyesha nyuki mahali pa kuanzia. Mbao zisipakwe dawa ya kuua wadudu. Juu nilifunika kwa bati. Mzinga niliutundika kwa waya kati ya nguzo mbili, kimo cha kiuno, mbali na njia na mbali na mifugo. Waya nikaupaka grisi ili siafu wasipite, na nyegere naye hapati mahali pa kusimama.

Vyombo vingine navyo vilinifundisha. Bomba langu la kwanza la moshi nililitengeneza kwa kopo lililotiwa lehemu. Moto ulipokolea, lehemu ikayeyuka na kopo likafunguka mkononi mwangu. La pili nililikunja kingo na kulipiga ribiti, na mivukuto yake ni vibao viwili vilivyozungushiwa mpira wa ndani wa gurudumu. Hulisha magunzi makavu au mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ambayo hutoa moshi wa taratibu usiochoma. Moshi huo una kazi kubwa. Nyuki akichoma huacha harufu, kama ya ndizi mbivu, inayowaita wenzake wachome pale pale, na moshi huifunika harufu ile. Laiti ningalijua hayo siku ya wale mbuzi.

Kwa kofia niliichukua ya ukindu, nikaishonea wavu kuizunguka. Hapa natoa onyo: vyandarua vingi vya siku hizi hutiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo huua nyuki pia. Tafuta wavu usio na dawa. Upande wa mbele uwe mweusi, maana jicho huona vema kupitia weusi kuliko weupe. Lakini nguo za mwilini ziwe nyeupe, kwa kuwa nyuki hukasirishwa na rangi nyeusi. Asali nayo usiiweke katika debe lenye kutu, kwa sababu ina ukali unaokula chuma na kuharibu ladha. Ndoo safi ya plastiki yenye mfuniko yatosha.

Jioni ya kwanza ya kurina mzinga wa pili, nilimwalika mjomba. Nilimvika kofia, nikampulizia moshi mlangoni mwa mzinga, nikangoja dakika chache. Kisha nikamwomba yeye mwenyewe ainue kijiti cha kwanza. Alikiinua polepole, akakishika wima bila kukilaza, kwa kuwa sega jipya likilazwa hukatika. Lilikuwa moja, limenyooka, na nyuki walikuwa wameziba vyumba vyake kwa nta, dalili ya asali iliyoiva. Alilikata, akaacha ukingo mdogo ili nyuki waanzie hapo tena. Kijiti cha pili kadhalika, na cha tatu. Alipofikia sega lenye majana alilitazama, akalirudisha mahali pake, akasema, "Miaka yote hii niliwachoma moto watoto wao kwa sababu ya giza." Hakusema zaidi, wala mimi sikuwa na la kuongeza.

Mwaka huu tunayo mizinga tisa ya namna hiyo, na mjomba hukagua yote kwa fimbo yake pasipo kupanda cho chote. Karo ya mtoto wake wa mwisho ilitoka humo. Mke wangu amenunua mbuzi wengine, na zizi lao liko upande wa pili wa kilima.

Ndugu wasomaji, mtu asikate tamaa kwa kukosa mbao nzuri au fundi wa mjini. Nyuki wamekubali mbao zangu za masanduku, wakaziba nyufa zake kwa gundi yao wenyewe. Kipimo kibaya ndicho hawakukikubali. Basi kabla hujakata kijiti cha kwanza, mtafute mzee mwenye mwatu wa zamani, nenda na rula mkononi, ukapime.