Chuo cha Kilima cha Makerere

Juu ya kilima cha Makerere, mjini Kampala, kipo chuo kikuu kilichoanza mwaka 1922 kwa vijana 14 waliofunzwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Wanawake walipokewa mwaka 1945, na mwaka 1949 chuo kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha London. Humo walisoma Julius Nyerere wa Tanganyika, Mwai Kibaki wa Kenya na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Septemba 2020 moto uliteketeza jengo kuu hata paa likaanguka; likajengwa tena na kufunguliwa mwaka 2024. Basi mzazi auzaye ng'ombe ili mwanawe asome asijute: nyumba huungua, lakini elimu iliyomo kichwani haishikwi na moto.