Siku Moja ya Busia na Malaba

Wiki hii tumependa kuzungumza nanyi, wazazi wetu, kina mama na vijana, juu ya jambo linaloonekana dogo: namna ya kuipanga siku moja ya matembezi katika mji wa watu, pale msafiri anapokuwa njiani na safari yake ndefu ingali mbele yake.

Sisi watu wa Mombasa tunawafahamu vyema wasafiri wa namna hiyo. Meli kubwa za watalii hufika bandari ya Kilindini asubuhi, na abiria hushuka wakijua kwamba meli haitamngoja aliyechelewa. Wako wanaotaka kuimaliza Mombasa yote kwa saa saba: Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha Mji wa Kale, kisha pembe za Barabara ya Moi, kisha soko la viungo. Jioni hurudi melini na picha tele, na huenda hawakuzungumza na mtu ila aliyewauzia kitu. Wako na wengine, wachache, wanaochagua mahali pamoja wakaketi, wakanywa kahawa, wakauliza na wakaulizwa. Tumewatazama kwa miaka mingi bila kudhani kwamba sisi nasi tutafikwa na hesabu kama yao, tena mbali na bahari, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda.

Mwaka jana, katika mwezi wa Mfunguo Tatu, tulialikwa Kampala kwenye harusi ya jamaa. Tulikuwa watu 19, wengi wetu wanawake, tukakodi basi dogo lenye madereva wawili. Ratiba ilikuwa hivi: kuondoka Mombasa Ijumaa baada ya swala ya jamaa, kusafiri usiku kucha kupitia Nairobi, Nakuru na Kisumu, na kufika Busia Jumamosi asubuhi. Wenyeji wetu wa Kampala walikuwa wakitutarajia Jumapili. Na madereva waliokwenda zaidi ya kilomita 900 wana haki ya usingizi; kuwanyima usingizi ni kuyachezea maisha ya abiria. Kwa hiyo tulikuwa na Jumamosi nzima Busia, na jukumu la kuipanga likaangukia kwetu.

Tulikutana wiki mbili kabla ya safari kwa ajili ya mashauriano. Vijana walitaka tuvuke mpaka siku hiyo hiyo, twende Jinja tukaone Mto Nile unapotoka ziwani, kisha turudi. Kina mama wafanyabiashara walitaka soko la Busia, wala si kwa matembezi matupu. Nasi tulikuwa na hamu yetu, ambayo hatukuificha: Mumias. Huko, katika karne ya 19, misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa ikipumzika kwa Wawanga, na mtawala wao, Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, alisilimu. Mtu wa madrasa wa pwani akifika jirani na Mumias asiende, moyo humsuta.

Bi mkubwa mmoja alikuwa amenyamaza muda wote. Tulipomuuliza yeye anataka nini, alisema, "Ustadh, mimi nipelekeni Malaba. Nimeishi na jina hilo miaka 26 na sijapaona."

Watu walicheka, kwa sababu Malaba si mahali ambapo mtu hupeleka wageni. Yeye hakucheka. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, akichukua mizigo Kilindini na kuipeleka Kampala na kwingineko. Safari ya siku tano ikageuka ya siku kumi na mbili, na kila alipochelewa jawabu lilikuwa moja: niko Malaba. "Nikwambie kweli," akaendelea, "kuna miaka nilidhani Malaba ni jina la mke mwenzangu." Safari hii kicheko kilikuwa kidogo. Bintiye alikuwa ameketi hapo hapo. Mumewe binti naye ni dereva wa njia hiyo hiyo, na siku zile yule binti alikuwa amerudi kwa mama yake, maneno kati yake na mumewe yakiwa hayajaisha. Wote wawili wametupa ruhusa tuyaeleze haya bila ya majina.

Basi tukaanza kupunguza, maana mshika mawili moja humponyoka, seuze anayeshika manne. Jinja ilitoka kwanza, na sababu ilikuwa nyepesi: Jumapili tungepita Jinja tukielekea Kampala, juu ya daraja jipya la Mto Nile lililofunguliwa mwaka 2018. Kitu kilichoko njiani hakitumiliwi siku ya kupumzika. Mumias tukaiweka kwa safari nyingine, nasi tukaikubali hukumu hiyo, ijapokuwa ilitukata. Zikabaki Busia na Malaba, miji miwili ya mpakani, ambayo hazipiti kilomita kama 30 kati yake.

Kisha tukahesabu saa. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ni saa kumi. Kuoga na kunywa chai, saa moja na nusu. Kwenda Malaba na kurudi kwa matatu ya kukodi, pamoja na kungojana, saa mbili. Swala na chakula, saa mbili. Akiba ya lisilotarajiwa, saa moja. Zilizobaki ni saa tatu na nusu tu. Wengi hupanga kana kwamba saa zote kumi ni za kutazama, ndiyo maana huishia kugombana barabarani. Tukaamua: saa moja na nusu kwa Busia, saa mbili kwa Malaba, na mambo yote ya nje yamalizike kabla ya alasiri, kwa kuwa katika nchi za karibu na Ziwa Victoria mvua hupenda kunyesha baada ya adhuhuri.

Yako mambo mawili ambayo msafiri wa kutoka pwani huyasahau. La kwanza ni wakati wa swala. Saa ya ukutani ni moja Kenya nzima, lakini jua halifuati saa ya ukutani. Busia iko magharibi ya Mombasa kwa zaidi ya nyuzi 5 za longitudo, na kila uzi mmoja ni dakika 4. Basi jua huchelewa huko kwa dakika 20 na kitu. Anayeswali magharibi Busia kwa ratiba ya Mombasa huenda akawa ameswali kabla ya wakati. La pili ni kibla. Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa juu yetu. Kule mtu huelekea kaskazini na kuinamia kidogo mashariki. Tuliyaandika yote mawili katika karatasi ya safari, pamoja na ukumbusho wa vitambulisho na kadi za chanjo ya homa ya manjano kwa ajili ya kuvuka Jumapili.

Busia ilitupokea kwa baridi ya asubuhi, baridi ya mji ulioko mita kama 1,200 juu ya bahari. Kitu cha kwanza kilichowafurahisha watoto ni baiskeli zenye viti vya abiria. Tukawaeleza kwamba jina la bodaboda, linalotumika sasa Afrika Mashariki yote, lilizaliwa mpakani huku, pale vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha watu kutoka boda hadi boda. Sokoni kina mama waliona matoke, maharagwe na omena zikipita mikononi mwa wanawake wenzao, maana biashara ndogo ya mpaka huu kwa sehemu kubwa inabebwa na wanawake. Mmoja wa wauzaji aliwaeleza kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Kimarekani ana utaratibu mwepesi wa forodha, na kwamba anayeujua hana haja ya kupita vichochoroni usiku. Mama yule alizungumza Kisamia na wateja waliotoka upande wa pili, kwa sababu Wasamia, kama Wateso, wako pande zote mbili. Tukakumbuka kwamba kabla ya mwaka 1902 nchi hii yote ilihesabiwa kuwa ya Uganda, ndipo mstari ukasogezwa na wakubwa wa Kiingereza, na jamaa wakajikuta mataifa mawili.

Saa tano tulikuwa njiani kuelekea Malaba, tukipita Alupe na Amagoro.

Hatutawadanganya wasomaji kwamba Malaba ni mji wa kupendeza macho. Iko reli ya zamani, ile iliyofika Kampala mwaka 1931, na ng'ambo hewa ikiwa safi huonekana jabali la Tororo limesimama peke yake. Lakini kinachotawala ni malori. Yamepangana pembeni ya barabara, moja nyuma ya jingine, mpaka jicho linachoka. Chini ya matela vijana wanapika, nguo zimeanikwa kwenye kamba baina ya magurudumu, na kina mama wanapita na birika za chai na chapati.

Tulimwomba dereva mmoja mtu mzima, ambaye lahaja yake ilitwambia kwamba ni wa kwetu, azungumze na Bi mkubwa. Akamvulia kofia, akamwita mama, akamjibu kila aliloulizwa. Alimweleza kwamba mzigo haupiti mpaka karatasi za wakala wa forodha zikamilike na lakiri ikaguliwe, na kosa moja la karatasi hula siku mbili. Alimweleza kwamba lori haliachwi: mafuta hunyonywa, turubali hukatwa, na foleni ikisogea na dereva hayupo, amepoteza nafasi. Alisimulia mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ya hapo ilipofika makumi ya kilomita kwa kungojea majibu ya vipimo. Kisha Bi mkubwa akamuuliza, "Na kulala, mwanangu?" Akamwonyesha mkeka uliokunjwa juu ya gurudumu la akiba. Joto likizidi ndani, alisema, hulala chini ya tela.

Bi mkubwa aliutazama mkeka ule muda mrefu. Alipozungumza, hakuzungumza na dereva wala nasi. Alimwambia bintiye, "Baba yako alikuwa akinipigia simu kutoka hapa, nami namkatia."

Binti hakujibu. Alinunua chai na chapati kwa yule mama mwenye birika, akampelekea dereva na utingo wake.

Tuliswali adhuhuri na alasiri katika msikiti wa pale, tukazikusanya na kuzipunguza kama sheria inavyomruhusu msafiri, kwa jamaa yetu wenyewe, kwa kuwa anayemfuata imamu mkazi humlazimu kuzitimiza rakaa nne. Kwa mpango huo alasiri yetu haikukatika tena. Chakula kilikuwa ugali na samaki wa ziwani, na samaki humwondolea msafiri wasiwasi wa machinjo. Bi mkubwa alibaki msikitini baada yetu, akimwombea mumewe. Tulikuwa tumempangia dakika 20, zikafika 50, na hakuna aliyemharakisha, hata wale vijana waliokuwa wakilia Jinja. Ile saa moja ya akiba ndiyo iliyotutosheleza. Mvua ilipoanza saa tisa na nusu, tulikuwa tumeshaketi garini kurudi Busia.

Hatusemi kwamba kila mume anayechelewa ana udhuru. Wako wanaume waliofanya mpaka kuwa kificho, na wake zao wana haki ya kuuliza na kujibiwa. Tunasema tu kwamba katika majumba mengi ya pwani wako wanaokula jasho linalotoka mahali wasipopajua hata kwa picha, na kutojua huko hujazwa na dhana. Dhana ikikaa miaka 26 hujenga nyumba. Jioni ile tulimwona binti amesimama barazani pa nyumba ya wageni, simu sikioni, akizungumza kwa sauti ya chini. Halikuwa letu la kusikiliza.

Asubuhi yake tulivuka Busia katika kituo cha pamoja kilichozinduliwa mwaka 2018, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na msafiri hukaguliwa upande mmoja tu. Tulipita haraka kuliko tulivyotazamia. Kabla ya adhuhuri vijana wakauona Mto Nile kutoka darajani, wakatosheka nao.

Basi nyinyi mnaopanga safari za likizo, mkipata siku moja katika mji usio wenu, msianze kwa kuuliza mji una nini. Anzeni kwa kuwauliza mnaosafiri nao, na hasa yule aliyenyamaza, kama wana haja na mahali hapo. Kisha hesabuni saa zenu kwa uaminifu, mpunguze, na muache akiba.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia wakitafuta riziki barabarani, awalinde walio njiani usiku huu, na awarejeshe kwa jamaa zao salama. Wabillahi tawfiq.