Pale Changarawe Inapokutana na Lami

Gari letu ni IST ya mwaka 2004, na kazi yake kubwa ni moja: kumfikisha mama mkubwa hospitali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kabla ya saa moja asubuhi. Figo zake zimeacha kazi. Damu yake husafishwa kwa mashine pale Benjamin Mkapa, saa nne kila safari, na kiti anachokalia kina mtu mwingine anayekisubiri mchana. Dereva ni mimi. Nasoma uzamili wa fasihi, vipindi vyangu vingi ni vya jioni, na katika ndugu zangu walioko Dodoma hakuna mwingine mwenye leseni tangu binamu yangu apate kazi Kahama.

Tunaishi nje kidogo ya mji, upande wa Ihumwa. Ukishaingia barabara ya Morogoro, safari haina shida. Shida ni kuingia. Mtaa wetu wa changarawe unaishia chini ya lami, kwa hiyo mita chache za mwisho ni kijimlima kifupi. Kila gari linalopita hapo linachimbua vijiwe na kuviacha vimelegea kama mbaazi zilizoanikwa. Mimi nakwenda mjini, kwa hiyo lazima nikate kulia, nivuke njia ya mabasi ya alfajiri yanayokwenda Dar es Salaam, niingie njia ya malori yanayokwenda Singida na mengine hadi Rwanda na Burundi. Nafasi ikipatikana ni ya sekunde chache. Unahitaji gari liondoke kwa nguvu, na liondoke sasa hivi.

Mara ya kwanza kuona gari likikataa nilikuwa kiti cha nyuma. Binamu ndiye aliyeendesha, mama mkubwa amekaa pembeni yake. Basi likapita, nafasi ikafunguka, binamu akakanyaga mafuta mpaka chini. Injini ikalia, vijiwe vikapiga mvungu wa gari, na sisi tukabaki palepale, pua ikiwa juu ya lami na kitako kwenye changarawe. Nikaona taa za lori. Kisha tairi likashika lami ghafla, usukani ukamvuta binamu mkono, tukarushwa mbele. Dereva wa lori alipiga honi kwa muda mrefu. Mama mkubwa hakusema kitu mpaka tulipofika Nzuguni. Akasema, "Taratibu, baba. Hata nikichelewa, bora nifike."

Wiki ile nilimpelekea fundi gari nikiamini kuna kitu kimeharibika. Alilizungusha mtaani, akarudi, akafuta mikono. "Dada, gari ni nzima. Hii inavutwa, haisukumwi."

Sentensi ile ilinifanya nitafute daftari langu la fizikia la sekondari. Msuguano, tulifundishwa, una kikomo. Tairi haliwezi kuisukuma ardhi kwa nguvu yoyote litakayo. Linaweza kufika kiwango fulani tu, na kiwango hicho hutegemea vitu viwili: ardhi ni ya aina gani, na tairi limegandamizwa na uzito kiasi gani. Zaidi ya hapo tairi linateleza. Injini inaweza kuwa na nguvu za ziada, lakini hazina mahali pa kushika.

Sasa angalia gari likiondoka kwa kasi. Pua inanyanyuka, kitako kinakaa chini. Uzito umehama kutoka mbele kwenda nyuma. Nilifanya hesabu nyepesi: gari la kilo 1,000, ekseli zake zikiwa zimeachana mita 2.5 kama za IST yetu, na kitovu cha uzito kikiwa nusu mita kutoka ardhini. Liongeze mwendo kutoka sifuri hadi kilomita 40 kwa saa ndani ya sekunde 4 hivi. Jibu ni kwamba mzigo wa kama kilo 60 unaondoka kwenye matairi ya mbele na kuhamia ya nyuma. Ni kama mtu mzima alikuwa amekaa juu ya boneti, na wewe ulipokanyaga mafuta akashuka, akazunguka, akakaa juu ya buti. Lakini matairi ya mbele ndiyo yanayovuta. Kwa hiyo kadiri unavyoliomba nguvu zaidi, ndivyo unavyoliondolea kile kinacholiwezesha kukupa. Kijimlima kinaongeza shida, maana kwenye mwinuko uzito tayari umeegemea nyuma.

Ndiyo maana ushauri wa jirani yetu haukutufaa. Ni mzee mstaafu, aliendesha pikapu miaka mingi. Nilipomwamkia na kumweleza, aliniambia, "Mwanangu, weka kiroba cha mchanga nyuma, haitateleza tena." Kwa pikapu yake, inayosukumwa na matairi ya nyuma, alikuwa sahihi kabisa. Kwa IST, mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma unafanya kama mtoto mzito kwenye bembea ya ubao: upande wake unashuka, upande wa pili unapanda. Nilimshukuru, na niliporudi nyumbani nikatoa kwenye buti dumu la maji la lita 20 na nusu gunia la mkaa.

Kuna jambo la pili, na hili fundi alinionyesha kwa jeki. Aliinua tairi moja la mbele, jingine likabaki chini, akatia gia. Tairi lililoinuliwa likazunguka kwa kasi, gari halikusogea hata kidogo. Difu ya kawaida haipeleki nguvu kwa tairi lililoshika zaidi. Inagawa sawa kwa sawa, na tairi lililokosa pa kushika likipokea kidogo, mwenzake naye anapokea kidogo vilevile. Pale kwetu hutokea hivyo kila ukiingia lami kwa mshazari: tairi moja liko juu ya lami kavu, jingine bado liko kwenye vijiwe, na lililoko kwenye vijiwe ndilo linaloamua.

Jambo la tatu ni usukani. Matairi ya mbele yana kazi mbili, kuvuta na kukata kona, na uwezo wake wa kushika ni mmoja tu unaogawanywa kati ya kazi hizo. Ukiondoka kwa nguvu huku umekunja kulia, unatumia mfuko mmoja kulipa madeni mawili.

Ukisoma hadi hapa unaweza kudhani magari haya hayafai barabara zetu. Historia inasema vingine. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, mara nyingi katikati ya mvua. Mwaka 1962 Mwingereza Pat Moss alimaliza wa tatu akiwa na Saab 96, gari dogo linalovutwa na matairi ya mbele, lenye injini ndogo kuliko ya IST yetu. Mwaka 1964 Erik Carlsson wa Sweden alimaliza wa pili kwa gari la aina hiyohiyo. Sababu ni ileile ya uzito, lakini kwa upande wake mzuri: injini na giaboksi zimekaa juu ya matairi yanayovuta, kwa hiyo kwenye tope, likienda kwa mwendo usiokatika, gari dogo kama hilo hujivuta pale ambapo kubwa linalosukumwa linazunguka kiuno. Carlsson anakumbukwa pia kwa kutumia mguu wa kushoto kwenye breki huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Breki ikishika kidogo, uzito unarudi mbele, na lile tairi linalozunguka bure linazuiwa kula nguvu zote.

Mambo haya niliyasoma kwenye benchi la kusubiria, mashine ikiendelea na kazi yake nyuma ya mlango. Na hapo ndipo nilipokutana na hesabu nyingine inayofanana na ya tairi.

Mama mkubwa ana kilo 55. Kati ya siku moja ya mashine na nyingine, maji anayokunywa hayana pa kutokea, yanabaki mwilini. Mashine inapaswa kuyatoa. Siku moja mvua ilitufungia njia, tukafika tumechelewa karibu saa nzima, na nikamwuliza muuguzi swali ambalo kila ndugu wa mgonjwa huuliza: hamwezi kuiharakisha? Alinieleza kwa upole. Kuna kiwango ambacho wataalamu wengi hawapendi kukivuka, mililita 13 kwa kila kilo ya mgonjwa kwa saa. Kwa kilo 55 ni kama mililita 715 kwa saa, chini kidogo ya lita 3 kwa saa nne. Mashine yenyewe ina uwezo wa kuvuta zaidi. Lakini maji yaliyojificha kwenye miguu na mapafu yanarudi kwenye damu kwa mwendo wao. Ukivuta haraka kuliko yanavyorudi, presha inaanguka, misuli inakakamaa, na inabidi kusimama. Unapoteza hata ule muda uliokuwa unauokoa.

Nilimwelewa mara moja, kwa sababu ya tairi.

Tangu siku ile sijatafuta tena namna ya kulifanya gari liruke. Natafuta namna ya kutohitaji liruke. Tunaondoka nyumbani dakika 25 mapema. Mama mkubwa anakaa mbele, hakai nyuma, na buti liko tupu. Nikifika chini ya kijimlima sisimami penye vijiwe vilivyolegea. Nasimama nyuma kidogo, palipo pagumu, magurudumu yakiwa yamenyooka. Nasubiri nafasi ambayo ni kubwa mara mbili ya ile ambayo binamu angeichukua. Ikifika, naachia breki, naliacha gari lianze kutambaa lenyewe kama gari la gia oto linavyofanya, halafu naongeza mafuta kidogokidogo hadi matairi yote mawili yawe juu ya lami. Hapo ndipo nakanyaga. Kwenye lami kavu IST inajua kukimbia.

Upande wa matairi bado hatujamaliza. Mwaka huu tuliweza kununua mawili tu. Fundi alitaka yawekwe mbele, kwenye kuvuta, na pale kwetu asubuhi ningekubaliana naye. Lakini kwenye lami yenye maji, ukiwa kilomita 80 kwa saa, gari ambalo nyuma imeteleza ni gumu kulirudisha kuliko ambalo mbele imeteleza. Mapya yapo nyuma. Mbele kuna ya zamani yenye kashata bado, upepo napima kila Jumapili. Gharama ya uamuzi huo nailipa kwa kusubiri nafasi ndefu zaidi.

Wagogo husimulia kwamba jina la mji huu limetokana na tembo aliyekuja kunywa maji mtoni, akanasa kwenye tope, akawa anadidimia. Idodomya, wakasema waliomwona: amezama. Simulizi haisemi kama alikosa nguvu. Tembo hakosi nguvu. Alikosa mahali pa kukanyaga, na bila shaka kila alivyojikaza ndivyo tope lilivyomshika. Kila mwaka mvua zinapoanza, Desemba au kabla kidogo, nawaona wadogo zake tembo yule kwenye mitaa ya pembezoni: Passo, Vitz, IST, dereva ndani amekanyaga mafuta, moshi wa mpira ukipanda, na watu wamesimama wakisema, acha, acha, unajizika. Hawakosei. Tope likishajaza kashata, tairi ni kipara tu. Punguza mafuta, nyoosha usukani, rudi nyuma kidogo kwenye alama zako mwenyewe, maana hapo umeshapagandamiza, halafu ujaribu tena taratibu. Na kama kilima ni kikali, wapo madereva wanaokipanda kinyumenyume. Watu huwacheka, lakini hesabu iko upande wao: ukipanda kwa rivasi, matairi yanayovuta yanakuwa upande wa chini wa mteremko, na uzito unayaegemea.

Kwenye benchi la hospitali tumekuwa kama chama. Kuna kijana anayemleta baba yake kutoka Kongwa, kuna dada anayekodi bajaji kutoka Ntyuka, kuna mama anayempeleka mumewe kwa gari la kanisa. Hatuulizani sana habari za figo, wote tunazijua. Tunaulizana njia. Korongo limepitika? Kifusi kimemwagwa? Lori lililokwama jana limeondolewa? Mtu akifika amelowa na viatu vya matope, tunasogea ampate pa kukaa, na wa kwanza kufungua mdomo humwuliza ametumia barabara gani, ili kesho wengine wajue.