Kongoti wa Nyayo

Msomaji, ikiwa umewahi kupita karibu na Uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, bila shaka umewaona kongoti, wale korongo wakubwa wenye upara, wakiwa juu ya migunga. Watu huziba pua na kuharakisha, kwani kinyesi chao hakichagui suti wala sare ya shule. Si mara moja nimesikia abiria wakisema heri miti hiyo ikatwe.

Binti yangu ndiye aliyenivuta mkono asubuhi moja akanionyesha angani. Ndege yule anayesimama kama mzee aliyevaa koti la kuazima alikuwa amekunjua mabawa, ambayo huweza kukaribia mita 3 kutoka ncha hadi ncha. Wala hakuyapiga. Alipandishwa na hewa ya joto itokayo ardhini, akizunguka taratibu hadi akawa kitone. Hata ule upara una kazi: kichwa kisicho na manyoya hakishiki damu anapokula mizoga. Na miguu myeupe? Kwa kweli ni ya kijivu. Huimwagia kinyesi ili apoe joto.

"Baba, wakikata miti watalala wapi?"

Matatu ilikuja, tukapanda. Alikaa dirishani, akihesabu viota.